Barua ya wazi kwa Mhariri Mkuu na Bodi: maiti mnatuonesha, aliyeua hatumuoni

Kwa Mhariri Mkuu na Wajumbe wa Bodi.
Nakala: dawati la picha, dawati la mitandao, na wenzangu wapiga picha wa Unguja na Pemba.

YAH: PICHA ZA MAUAJI, VIPIGO NA UDHALILISHAJI TUNAZOZICHAPISHA, NA ZILE TUNAZOZIFUNGIA

Waheshimiwa,

Assalaam alaykum. Kichwa cha barua hapo juu chahusika.

Malalamiko haya si mapya kwenu. Kwanza niliyaandika, nikayatia bahashani na kuyaacha kwa katibu muhtasi. Nikajibiwa kwa mdomo, tena koridoni, kwamba suala "linafanyiwa kazi". Nikazungumza na mhariri wa zamu. Nikamfuata mjumbe mmoja wa Bodi nyumbani kwake, akanikaribisha vizuri, akanipa chai, akanisikiliza hadi mwisho, na kesho yake ukurasa wetu ukawa vilevile. Watu wazima wamenishauri niendelee kusubiri. Nimesubiri, na nikiwa nasubiri mmechapisha nyengine. Jina la chombo chetu silitaji. Wanaotusoma watatujua, na isitoshe tabia ninayoilalamikia haiko kwetu peke yetu.

Mimi ni mpiga picha wa habari, mwanamke, mzaliwa wa Wete. Uanamke wangu nautaja kwa sababu ya kazi. Zipo nyumba hapa visiwani ambazo mwenzangu wa kiume huishia barazani, mimi nikapishwa hadi ndani walikokaa wafiwa. Kwa hiyo picha nyingi za ndani zinazokufikieni zinapitia mikononi mwangu, na zinapoharibika ni mimi ninayekutana na wenyewe kwenye daladala.

Nieleweke tangu mapema: siombi tuache kupiga picha za ukatili. Asiyetaka kuuona ukatili ana haki ya kuufumbia macho, lakini mwandishi wa habari hana haki hiyo. Ninachokilalamikia ni kwamba tunazipiga, kisha tunazichapisha kichwa chini miguu juu. Aliyepigwa anaanikwa. Aliyepiga, na aliyeachia apige, anasitiriwa.

1. Marehemu na daftari la sheha

Mnaikumbuka habari ya yule mama aliyeuawa nyumbani kwake, mumewe akakamatwa. Nilifika asubuhi. Wanawake wa mtaani walikuwa wametanda kanga zao mlangoni, wameshikana mikono juu, ili mwili utolewe kwenda kwenye gari bila kuangaliwa na vijana waliopanda ukutani. Kandambili za marehemu zilikuwa bado kizingitini, moja imepinduka. Bi mkubwa mmoja aliponiona na kamera aliniuliza neno moja tu: "Utamhifadhi?" Nikamjibu ndiyo. Nilipiga ule ukuta wa kanga kwa nyuma, miguu ya wanawake na vumbi. Mwili sikuupiga.

Kisha nikaenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa ule. Huko ndiko habari yenyewe ilikokuwa. Sheha, mtu mzima, mikono inamtetemeka, alinifungulia daftari la malalamiko la shehia. Marehemu alikuwa ameshafika pale zaidi ya mara moja kumshitaki mumewe. Yameandikwa kwa kalamu ya buluu, na pembeni, kwa mwandiko uleule, "wamesuluhishwa". Nikamuomba aweke kidole gumba juu ya majina, nikapiga ukurasa ule: kidole cha mzee, tarehe, na hilo neno "wamesuluhishwa" linajirudia.

Nilileta zote dawatini. Mlichochapisha ni picha iliyopigwa kwa simu na mtu asiyejulikana, kupitia dirishani, mama wa watu yuko sakafuni na kanga imemtoka. Mkaziba uso kwa ukungu mwembamba ambao hata haukufika kidevuni. Mkataja shehia. Mama yake mzazi yuko Pemba, na alikuwa bado hajaambiwa. Jirani alimfikishia habari akiwa na simu mkononi. Nilipouliza kuhusu daftari nikaambiwa halina mvuto.

Hapa sizungumzii staha peke yake, ingawa staha ingetosha. Nazungumzia kazi. Picha yenu iliwaambia wasomaji kitu ambacho sentensi moja ingekisema, kwamba mwanamke amekufa. Daftari lingewaambia kwamba alikuja kuomba msaada, akasikilizwa, akarudishwa kwa aliyemuua. Baada ya daftari lile pangeulizwa maswali shehiani, kituoni na wizarani. Baada ya picha ya sakafuni watu walitoa pole, wakajadili kanga yake, wakalala.

2. Picha iliyofungiwa

Miezi michache baadaye nilikuwa soko moja la mjini wakati wa operesheni ya kuwaondoa wachuuzi. Nilipata picha ambayo mpiga picha hupata mara chache: kijana ameshikwa mikono miwili, wa tatu anampiga kwa rungu, na nyuma yao bwana mwenye shati jeupe ananyoosha kidole kuelekeza. Sura zote zinaonekana. Ndizi zimesagika chini. Kijana alilazwa, na nilimfuata wodini akaniruhusu kwa kinywa chake kuitumia.

Majibu yenu: itazua taharuki. Tusiwachafue watu. Tuwe na sitara.

Sawa, sitara ni mwenendo wetu, na nimelelewa nao. Lakini mbona haikukumbukwa kwa mama aliyelala sakafuni asiyeweza hata kuvuta kanga yake, ikaja kukumbukwa kwa bwana mwenye shati jeupe? Mkuki kwa nguruwe, waheshimiwa.

Jambo hili lina historia hapa kwetu, na naomba mnivumilie kidogo. Picha za filamu za mauaji ya Januari 1964, wakati wa Mapinduzi, zinazozungushwa hadi leo zilipigwa kutoka angani na kikosi cha Waitalia, Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi. Ukiwa juu vile unaona watu wanakimbia, unaona miili, unaona makaburi. Humuoni aliyetoa amri, hulisikii jina la hata mmoja. Ndiyo maana miaka zaidi ya 60 sasa kila mwenye ugomvi wake huzichukua picha zilezile akazitilia maelezo yake. Maiti asiye na jina hutumiwa na yeyote. Na huyo Jacopetti, nchini kwao, alishitakiwa kwamba kule Congo aliiacha kamera yake ipate nafasi nzuri ndipo watu wapigwe risasi. Mahakama ilimuachia huru, lakini swali lenyewe halijafa, na kila mwenye kamera anapaswa kulijibu peke yake usiku.

Upande wa pili kuna Januari 26 na 27, mwaka 2001. Wale wa Wete, Micheweni na Chake hawahitaji kusimuliwa. Polisi waliwafyatulia risasi za moto waandamanaji wa upinzani. Human Rights Watch ilihesabu waliouawa wasiopungua 35, na watu kiasi cha 2,000 walivuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Serikali iliunda tume chini ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita. Hesabu zikavutana, na huku kwetu kila nyumba inajua yake. Picha za siku zile nilizowahi kuziona mimi, mtu wa Wete na mwenye kazi hii, ni chache mno, na nyingi ni za majeruhi kitandani na wakimbizi ufukweni. Barabarani penyewe, mwenye bunduki kasimama wapi na aliyeanguka alikuwa anafanya nini, sijapaona. Nafasi hiyo tupu imejazwa na kila mtu kwa anavyopenda. Wapo vijana leo wanaodai hapakufa mtu, na wapo wanaoongeza sifuri mwishoni mwa hesabu.

Sasa linganisheni na Septemba 2, 2012, kijiji cha Nyololo, Mufindi. Mwandishi Daudi Mwangosi wa Channel Ten aliuawa akiwa kazini. Wenzake walikuwapo na kamera, na picha iliyobaki vichwani mwa Watanzania si ya mwili wake ulivyoharibika. Ni ile ya kabla: yu hai, yuko katikati, askari wamemzunguka, sare zinaonekana. Maelezo yoyote yaliyotolewa baadaye yalilazimika kupita mbele ya picha ile. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilimhukumu askari mmoja kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila ya kukusudia. Wengine wataona adhabu haitoshi, na ni mjadala mwengine. Mimi nauliza: ingekuwa mpiga picha yule yuko kwetu, na picha ile imeletwa kwenye dawati letu, ingechapishwa?

3. Watoto

Hapa sitasema mengi kwa sababu mengine hayafai hata kuandikwa. Kesi za udhalilishaji wa watoto ni nyingi visiwani, na ni haki tuziandike. Lakini kumziba mtoto macho kwa mstari mweusi, kisha mkaacha sare ya skuli yenye nembo, mkaacha duka la baba yake na rangi ya mlango, ni kumtangaza. Mtaa mzima humjua kabla ya adhuhuri. Mtoto mmoja tuliyemchapisha hivyo amehamishwa skuli, na mtuhumiwa, ambaye picha yake hatukuitoa "kwa kuwa kesi iko mahakamani", alirudi kwa dhamana akakaa barazani pake kama kawaida. Sitetei tumchapishe mtuhumiwa kabla ya hukumu. Natetea mtoto apate angalau ulinzi mnaompa mtuhumiwa. Sheria ya Mtoto, Na. 6 ya 2011, iko kabatini mwenu. Kuna nakala kwenye rafu ya juu, karibu na feni mbovu.

4. Picha za kuazima

Ikizama boti, huvutwa picha za Septemba 2011, za MV Spice Islander, zikawekwa bila tarehe. Kuna waliopoteza ndugu Nungwi ile wanaoona sura za jamaa zao zikirudi kila mwaka kwa msiba usio wao. Ikitokea vurugu Pemba, inaokotwa picha ya nchi nyengine kabisa. Hili halihitaji mjadala wa maadili, ni uvivu.

5. Sisi tunaozipiga

Hakuna anayetuuliza tumelalaje. Nililetwa chumba cha habari nikafundishwa mwanga na kasi ya lenzi. Sikufundishwa nifanye nini kama aliyejeruhiwa yuko mbele yangu na gari halijafika. Nimejifunza mwenyewe: naweka kamera chini kama mkono wangu unaweza kusaidia, naiinua kama hauwezi. Wapo watakaonipinga, na wana hoja. Ningependa tuzungumze humo ndani, badala ya kila mmoja wetu kubeba lake.

Najua mtakachojibu, maana nimeshakisikia chote.

Mtasema picha ile ilikuwa imeshatembea WhatsApp, sisi tumekuta watu wameiona. Basi kwa nini watu watuhitaji? Aliyeituma kwenye kundi la mtaa ni kijana mwenye simu, hana mhariri, hana kanuni, hana mshahara wa kazi hiyo. Sisi tunavyo vyote. Zaidi ya hapo, picha ikitoka kwenye kundi ni uvumi na mtu anaweza kuikana. Ikitoka kwetu imegongwa muhuri. Mama wa marehemu angeweza kuambiwa na wanawe kwamba ya WhatsApp ni uongo, hadi wafike wamueleze kwa utaratibu. Yetu asingeweza kuikataa.

Mtasema picha kali ndiyo inayoamsha watu, na mtanitajia wakubwa wa kazi hii. Nakubali. Mohamed Amin, yule Mkenya aliyewahi kutiwa ndani hapahapa Unguja, gereza la Kiinua Miguu, miaka ya 1960, ndiye aliyempiga picha Tom Mboya akiwa katika gari la wagonjwa, Nairobi, Julai 5, 1969. Ni picha nzito, ya mtu anayetoka duniani. Lakini Mboya alikuwa waziri, kapigwa risasi mchana, kati ya mji, na nchi nzima ilikuwa na haki ya kuuliza nani kamtuma muuaji. Hadi leo inauliza. Kifo chake kilikuwa jambo la umma tangu sekunde ya kwanza. Kifo cha mama yule kilikuwa jambo la umma pia, lakini kwa sababu ya lililoandikwa kwenye daftari, si kwa sababu ya jinsi alivyoanguka. Mtu akinionesha kuwa mwili wenyewe ndio ushahidi, kwamba bila ya kuonekana jeraha watu watakanusha, nitakuwa wa kwanza kusema uchapishwe, familia ikiwa imejua na imekubali. Hutokea. Wapo wazazi wanaotaka dunia ione alivyofanywa mtoto wao, na hao hatuna ruhusa ya kuwaziba mdomo kwa kisingizio cha kuwahurumia. Kwetu hakuna aliyeulizwa.

Mtasema sheria. Hili silidharau. Bado tunaendeshwa na Sheria ya Usajili wa Mawakala wa Habari, Magazeti na Vitabu, Na. 5 ya 1988, na kila mwaka tunaambiwa mpya iko njiani. Gazeti la Dira lilifungiwa mwaka 2003, na wengi wenu mlikuwa vijana wa kazi wakati huo, mliona. Anayeogopa ana sababu ya kuogopa, na mimi silipi mishahara ya watu. Lakini sheria hiyo haikukulazimisheni kumchapisha yule mama. Hapo hapakuwa na waziri wala simu kutoka juu. Na kama khofu inakuzuieni kuichapisha picha ya soko leo, haikuzuieni kuihifadhi. Niliiulizia wiki iliyofuata nikaambiwa imefutwa ili kupata nafasi kwenye kompyuta. Hilo ndilo lililonitoa usingizini, kuliko hata kutochapishwa kwake.

Ninayoyaomba ni haya.

Picha zote mbili za mama yule, ya ukurasani na ya mitandaoni, ziondolewe, na familia iombwe radhi kwa kufuatwa nyumbani, Pemba, na mtu mwenye cheo. Si kwa ujumbe wa simu.

Picha yoyote ya aliyeuawa au aliyejeruhiwa isichapishwe kabla mhariri hajaandika, kwa jina lake na kwa mistari miwili tu, inaonesha nini ambacho maneno hayawezi, na nani katika familia ameulizwa. Ikiwa imekataliwa, iandikwe pia kwa nini, na nani kaikataa. Nataka kukataa nako kuwe na mwenyewe. Kwa sasa kuchapisha kuna jina langu chini ya picha, na kufungia hakuna jina la mtu.

Watoto wasitambulike kwa namna yoyote: sura, sare, mlango, shehia, wala mzazi.

Picha za ukatili ambazo hatuwezi kuzitoa leo zihifadhiwe pamoja na tarehe, mahali na maelezo ya mpiga picha, nakala mbili, moja nje ya jengo. Gharama yake haizidi ya diski moja. Tungekuwa na kabati kama hilo la Januari 2001, mabishano mengi yasingekuwepo.

Na mtuitishe, wapiga picha na waandishi, tukae siku moja tuandike utaratibu wetu, tukianzia kwenye kanuni za maadili za Baraza la Habari ambazo tayari tumezikubali kwa saini. Wanawake tunaoingia ndani ya nyumba tuwepo mezani, si kwenye kuandaa vitafunio.

Picha ya daftari la sheha bado ninayo. Sikuifuta, na sheha mwenyewe ameniruhusu itumike. Nitakuleteeni tena dawatini wiki ijayo, kwa maandishi, na safari hii nitaomba jibu la maandishi. Mkiikataa, nitaitoa kwingine nikiwa na barua yenu ya kuikataa mkononi. Mkinisimamisha kazi kwa barua hii, naomba pia iwe kwa maandishi.

Wenu katika kazi,

Mpiga picha wa habari,
Unguja.
(Jina langu mnalo, liko chini ya picha zenu.)